Uzoefu wangu na kituo cha Shimonada, Japani: bahari ipo, mhudumu hayupo

Shimonada ni kituo kidogo cha treni katika mkoa wa Ehime, kisiwa cha Shikoku, kwenye reli ya Yosan ya kampuni ya JR Shikoku. Kilifunguliwa mwaka 1935. Kina jukwaa moja, njia moja ya reli, nyumba ndogo ya mbao, na mbele yake bahari ya Iyo-nada. Mfanyakazi hayupo, geti hakuna, wala dirisha la tiketi. Nimeshuka na kupanda hapo mchana na jioni, na ninakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya ratiba, nitaieleza.

Kwanza hakikisha umepanda treni sahihi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ukitoka Matsuyama, mji mkuu wa mkoa, reli ya Yosan hugawanyika kituo cha Mukaibara. Njia ya zamani inafuata pwani kupitia Iyo-Nagahama. Njia ya mkato, iliyofunguliwa mwaka 1986, inapita bara kupitia Uchiko, kisha zote mbili hukutana tena Iyo-Ozu. Jina la reli ni lile lile kwa njia zote mbili, kwa hiyo kusoma neno Yosan peke yake hakukusaidii. Treni za haraka, ukiacha ile ya kitalii nitakayoitaja mwishoni, zote hupita bara na hutaiona Shimonada hata kwa mbali. Tafuta treni ya kawaida inayopitia Nagahama, ukiwa na shaka mwulize mhudumu wa Matsuyama kwa kutaja jina hilo tu, ataelewa. Safari ni karibu saa moja, na baadhi ya treni zitakutaka ubadilishe Iyoshi. Kaa upande wa kulia, bahari iko huko.

Kosa jingine ni kushuka mapema. Kituo kinachotangulia kinaitwa Iyo-Kaminada, na kwa maandishi ya Kijapani, ukiacha neno Iyo (伊予) la mwanzo, tofauti ni alama moja: 上灘 ni Kaminada, 下灘 ni Shimonada. Angalia ile alama inayotangulia 灘. Mstari mrefu wa ulalo ukiwa chini, bado hujafika. Ukiwa juu, shuka.

Sasa nauli. Treni hizi za dizeli huwa na behewa moja au mawili, na usoni zimeandikwa ワンマン, yaani mtu mmoja: dereva ndiye konda. Kwenye vituo visivyo na mhudumu hufunguliwa milango ya behewa la mbele tu. Unaingia kwa mlango wa nyuma wa behewa hilo, na hapo mlangoni kuna kimashine kinachotoa kikaratasi chenye namba. Kikaratasi chenyewe ni kidogo kuliko vocha ya simu, na ni rahisi kukipita bila kukiona. Kichukue. Juu ya dereva kuna ubao wenye namba, na chini ya kila namba kuna kiasi cha nauli kinachopanda kadiri treni inavyosonga. Namba yako ndiyo inayoonyesha ulipandia wapi. Bila kikaratasi, dereva hana njia ya kujua, na unaweza kutakiwa kulipa kuanzia mwanzo wa safari ya treni hiyo.

Kushuka ni kwa mlango wa mbele, kando ya dereva. Unatumbukiza kikaratasi na nauli kamili kwenye sanduku. Zingatia neno kamili: sehemu ya kulipia hairudishi chenji. Kuna sehemu nyingine ya kuvunja pesa, nayo hupokea sarafu na noti ya yeni 1,000 tu. Mwenye noti ya 5,000 au 10,000 atakwama mlangoni huku treni nzima ikimsubiri. Vunja noti kubwa Matsuyama kabla ya kupanda, na ukihitaji sarafu ukiwa ndani, fanya hivyo treni ikiwa imesimama kituo cha katikati. Kadi za kugusisha hazitumiki Shimonada. Ukiwa na tiketi ya karatasi kutoka Matsuyama, unamwonyesha dereva na kuitia sandukuni, basi. Wakati wa kurudi, chukua kikaratasi Shimonada na ulipe getini Matsuyama kwa mhudumu.

Wapo wanaotumia Seishun 18, tiketi ya msimu ya treni za kawaida, na matangazo yake ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ndiyo yaliyokipa kituo hiki sifa nchi nzima. Siku hizi inauzwa ya siku 3 kwa yeni 10,000 au siku 5 kwa yeni 12,050, na siku hizo lazima zifuatane.

Ratiba ndiyo iliyokula ile nyota. Treni kwa siku ni chache mno kila upande, na kati ya moja na nyingine saa mbili zinaweza kupita. Piga picha ya ratiba ya kurudi kabla hujaondoka jukwaani. Kwa kuwa reli ni moja, treni za pande zote mbili husimama jukwaa lile lile, hivyo soma bango la mbele kabla ya kupanda. Mvua kubwa au upepo mkali ukisimamisha safari, hakuna mtu wa kukwambia, lazima uangalie taarifa za JR Shikoku kwenye simu. Treni za kawaida za huku, hasa za aina ya KiHa 32 na KiHa 54, hazina choo. Chakula nunua Matsuyama, usitegemee duka.

Na mandhari? Ukikaa kwenye benchi chini ya paa dogo la jukwaa, barabara ya 378 inajificha chini ya ukingo, na macho yako yanakutana na maji tu. Ukisogea kwenye ukingo wa jukwaa barabara inajitokeza, kwa hiyo picha nzuri hupigwa ukiwa umerudi nyuma na kuinama kidogo. Jua huzama kama saa 1:20 jioni mwezi Juni, na saa 11 jioni mwezi Desemba. Mwezi Desemba upepo wa baharini unakata mfupa, valia koti kweli.

Wikiendi jioni watu hujaa, wengi wakija kwa gari, na sehemu ya kuegesha ni finyu. Treni ya kitalii Iyonada Monogatari nayo husimama hapo dakika chache, lakini viti vyake vyote ni vya kuhifadhi mapema. Anayetaka jukwaa lenye utulivu aende asubuhi siku ya kazi, ashuke, asubiri wengine wapige picha waondoke, na asogee mbali na mstari wa usalama, kwa sababu treni ikiingia hakuna mhudumu wa kumpigia filimbi.