Kamba ya mita 70 baada ya wiki tatu za barabarani na miambani

Kamba ninayoitathmini hapa ni ya kupandia miamba, ya aina inayotumika peke yake bila kuunganishwa na nyingine. Ina urefu wa mita 70 na kipenyo cha milimita 9.8, imetiwa dawa ya kuzuia maji, na katikati yake ina alama nyeusi. Tuliinunua kwa mchango wa watu wanne siku chache kabla ya safari ya kiangazi iliyotuchukua wiki tatu ndani ya gari moja, tukihama kutoka mwamba hadi mwamba na kulala katika mahema. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanazihusu kamba zote za daraja hili, na lile moja ninalolilalamikia huenda likawa ni kasoro ya kamba yetu tu.

Kabla ya kununua tulibishana sana kuhusu unene. Mmoja wetu, ambaye huongoza njia ngumu, yaani hupanda wa kwanza huku kamba ikimfuata kutoka chini, na hupenda kupanda akiwa mwepesi, alitaka kamba ya milimita 9.2. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: kamba yetu ina uzito wa gramu 62 kwa kila mita, yaani zaidi ya kilo nne, na ile nyembamba ingetupunguzia karibu nusu kilo katika kila mwendo wa kutoka kwenye gari hadi chini ya mwamba. Hata hivyo, wawili kati yetu walikuwa bado wanajifunza, na kamba nyembamba hupita upesi katika kifaa cha breki, jambo ambalo humtaka mshika kamba, yule anayemlinda mpandaji kutoka chini, awe na mkono uliozoea. Isitoshe, kamba inayotumiwa na watu wanne kutwa nzima huliwa ganda lake la nje mapema kuliko ile ya watu wawili. Milimita 9.8 ikashinda, na hadi safari inakwisha hakuna aliyejutia, hata yule aliyeshindwa katika kura.

Lebo yake inaonyesha maanguko 7, nguvu ya mshtuko, ile inayompata anayeanguka kamba inapomdaka, ya kilonewtoni 8.6, na kurefuka kwa asilimia 7.5 inapobeba uzito uliotulia. Wanunuzi wengi huitazama namba ya kwanza tu, na wapo wanaodhani kwamba baada ya kuanguka mara saba kamba inakuwa imekwisha. Sivyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 892, ambacho Shirikisho la Kimataifa la Upandaji Milima, UIAA, linakifuata kwa karibu, hudai kamba ya aina hii istahimili angalau maanguko 5 ya mzigo wa kilo 80, huku mzigo huo ukiporomoka umbali unaokaribia mara 1.77 ya urefu wa kamba iliyoushika. Anguko la namna hiyo ni nadra mno mwambani, ambako kwa kawaida mtu huanguka mita chache huku akiwa na kamba ndefu ya kuumeza mshtuko.

Kwa kundi kama letu, namba iliyostahili kusomwa kwanza ni ile ya kurefuka. Tulilitambua hilo siku ya pili, tulipopitisha kamba katika nanga, yaani kishikizo kilichofungwa mwambani, iliyokuwa mita 30 juu ili wanaojifunza wapande wakiwa wameshikiliwa kutoka juu. Anayeanza kupanda chini ya nanga kama hiyo ana takriban mita 60 za kamba kati yake na anayemshikia, na asilimia 7.5 ya mita 60 ni mita nne na nusu, ingawa msuguano hupunguza kiasi fulani. Mwenzetu aliteleza akiwa hajafika hata mita mbili kutoka ardhini. Kamba ilimpokea kwa upole kabisa, ikarefuka, ikarefuka tena, ikamketisha juu ya majani makavu, naye akabaki akitutazama kama mtu aliyevutiwa kiti akaona kimepungua miguu. Hakuumia. Tangu siku hiyo kila aliyeshika kamba aliivuta ikakaza barabara mpaka mpandaji avuke mita tano au sita za mwanzo. Sihesabu hilo kuwa kasoro, kwa sababu kunyumbuka huko ndiko kunakouokoa mgongo wa anayeanguka akiwa anaongoza, ila ni tabia ambayo lebo huitaja kwa tarakimu moja ndogo tu.

Kuhusu kuifungua mara ya kwanza sina mengi. Kamba mpya hutoka kiwandani ikiwa imeviringishwa, na hupaswa kufunguliwa kwa kuuzungusha mviringo wake, kama anayefungua uzi kwenye kibonge, si kwa kuvuta ncha moja. Sisi tulivuta ncha kwa sababu tulikuwa na hamu ya kupanda. Matokeo yake ni kwamba kamba ilijisokota kwa siku tatu nzima, na kosa lilikuwa letu.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni buti ya gari. Katika safari ya aina hii kamba hukaa ndani ya gari saa nyingi kuliko inavyokaa mwambani, lakini maswali ya wanunuzi karibu yote huwa ni ya mwambani. Buti yetu ilibeba jiko, mtungi wa gesi, galoni ya mafuta ya akiba, na betri ya pili ya asidi iliyokuwa ikiwasha taa za kambini. Kwa siku mbili za mwanzo mfuko wa kamba ulilala juu ya betri hiyo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Kamba za kupandia hutengenezwa kwa nailoni, na asidi ya betri ni adui mkubwa wa nailoni. Hata mvuke wake tu unaweza kuidhoofisha, na ubaya zaidi ni kwamba kamba iliyoharibiwa hivyo inaweza kuonekana nzima na kushikika laini kama ya jana, kisha ikakatika chini ya mzigo mdogo. Aliyetushtua ni dereva wetu, ambaye wala si mpandaji hodari. Aliinusa buti, akauliza ile kamba yetu ya thamani inafanya nini pale, kisha akaihamisha mwenyewe.

Tuliikagua mita kwa mita, tukiipitisha kati ya vidole ili kutafuta sehemu iliyolegea, iliyovimba au iliyobadilika rangi. Mfuko ulikuwa mkavu, betri ilikuwa ya aina iliyozibwa na haikuwa imevuja, kwa hiyo tuliridhika. Laiti tungeona hata tone moja juu ya mfuko, kamba ingetupwa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo ilisafiri kwenye kiti cha nyuma, chini ya miguu ya abiria, mbali na kioo, kwa sababu miale ya urujuanimno nayo huizeesha nailoni polepole. Mfuko uliouzwa pamoja nayo unastahili sifa hapa: umeshonewa turubai pana linalotandazwa chini, na pembeni una vitanzi viwili vya rangi tofauti vya kufungia ncha, kwa hiyo kamba haikugusa udongo karibu siku zote, na kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine kulichukua dakika mbili.

Dawa ya kuzuia maji ilijaribiwa mara moja tu, lakini ilijaribiwa sawasawa. Mvua ilitukuta kwenye mwamba wa graniti huku mmoja wetu akiwa bado juu. UIAA hutoa alama ya kuzuia maji kwa kamba isiyofyonza maji zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika jaribio maalumu, na yetu ina alama hiyo. Ganda lililowa, ila kamba haikuwa nzito, na asubuhi ilikuwa imekauka kivulini. Jambo hili si la starehe peke yake, kwa kuwa nailoni ikilowa uwezo wake wa kustahimili maanguko hupungua sana. Kituo kilichofuata kilikuwa cha miamba ya mchanga, na huko tulikaa siku mbili bila kupanda, si kwa ajili ya kamba bali kwa ajili ya jiwe lenyewe, kwani jiwe la mchanga likinywa maji hudhoofika na vishikio huvunjika mkononi.

Sasa nifike kwenye lawama. Alama ya katikati, ambayo ni wino mweusi uliopakwa kwenye sehemu ya urefu wa kama sentimita 40, ilianza kufifia mwishoni mwa wiki ya kwanza, na kufikia siku ya kumi haikuonekana tena isipokuwa kwa anayejua pa kuitafuta. Alama hiyo si pambo. Mshika kamba anayemshusha mwenzake huitumia kujua kama kamba inatosha: ikiwa alama imekwisha kupita katika breki kabla mpandaji hajafika kwenye nanga, basi nusu ya kamba haitoshi kumfikisha chini. Mmoja wetu alitoa kalamu ya wino wa kudumu ili aichore upya, tukamzuia, maana UIAA imewahi kutoa tahadhari kwamba baadhi ya wino unaweza kupunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wa kamba wa kustahimili anguko. Duka tuliloinunua lilitujibu kwamba kufifia kwa alama ni uchakavu wa kawaida. Siku kumi za matumizi kuitwa uchakavu wa kawaida ni jibu ambalo sijalikubali mpaka leo.

Na kilichofuata kilihusiana moja kwa moja na wino huo. Kitabu cha njia kilisema njia ile ni ya mita 35, nasi tukapiga hesabu kwamba 35 mara mbili ni 70. Hatukuzingatia kwamba kamba hufupika kidogo inapotumika na kulowa, wala kwamba mshika kamba alikuwa amesimama chini zaidi, upande wa mteremko. Nilikuwa mimi niliyeshika. Nilimshusha mwenzangu taratibu huku nikimtazama yeye badala ya rundo la kamba miguuni, hadi mkono wangu wa breki ukagonga kitu kigumu: lilikuwa fundo tulilofunga kwenye ncha, limekwama kwenye breki. Viatu vyake vilikuwa mita moja na nusu juu ya mwamba uliochongoka. Alicheka, mimi sikucheka. Bila fundo lile ncha ingepita, na yeye angeanguka. Nilipanda kutoka mteremkoni hatua nne, naye akagusa chini.

Mwisho wa safari tuliiosha kamba katika beseni la maji ya vuguvugu kwa sabuni laini, tukayabadilisha maji mara tatu kabla hayajawa safi, kisha tukaianika kivulini. Ganda limechanua manyoya kiasi katika mita mbili za kila ncha, mahali ambapo fundo la nane, lile la kumfungia mpandaji kwenye kamba, hukaa na maanguko mengi hupokelewa, lakini kiini ni imara na hakuna sehemu iliyolainika. Tumekata mita mbili kila upande, kwa usawa, ili katikati pasihame, na ganda halikuteleza juu ya kiini hata tulipokata. Kwa uimara, ushikaji na mfuko wake ningeipa alama tisa kati ya kumi; kwa wino wa katikati ningeipa mbili, na kamba yetu ijayo itakuwa ile ambayo mfumo wa nyuzi zake hubadilika katikati, kwa kuwa nyuzi hazifutiki. Hii tuliyonayo itaendelea kutumika kwenye njia zisizozidi mita 30. Tulipoipima mara ya mwisho ilikuwa na mita 64, na namba hiyo nimeishona kwa uzi mwekundu kwenye kifuniko cha mfuko.