Gitaa la pedali la kuanzia: nyuzi 10, pedali 3, nyenzo 4

Wengi wanaoapa kwamba kantri si muziki wao huwa wanaikataa kofia, lafudhi na mashairi ya barabara ndefu. Halafu katikati ya wimbo inaingia sauti inayopanda kama mtu aliyeanza kulia akajizuia, na sikio linamsaliti mwenyewe. Mara nyingi sauti hiyo si ya mwimbaji wala ya fidla. Ni ya gitaa la pedali, chombo kinacholazwa juu ya miguu minne kama meza ya kupigia pasi na kupigwa kwa mikono, nyayo na magoti kwa pamoja.

Tunalopima hapa ni gitaa la kuanzia: shingo moja, nyuzi 10, pedali 3, nyenzo 4 za magoti (kila wenzo ni chuma kinachosukumwa kwa goti), tyuning ya E9, yaani mpangilio wa noti za nyuzi zikiwa huru. Linamtosha anayeanza, tena kwa miaka, ila kwa masharti mawili. Mitambo ya chini iwe ya kisasa, na pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, inunuliwe siku ileile. Anayesema ataiongeza baadaye atajifunza nusu ya chombo.

Kwanza tuelewe kinacholia ni nini. Ukisogeza mche wa chuma unaoshikwa mkononi juu ya nyuzi, nyuzi zote zinapanda au kushuka pamoja, kama kwenye gitaa la Hawaii ambalo ndilo babu wa hili. Pedali inafanya jambo jingine: inavuta uzi mmoja au miwili na kuiacha mingine ilipo. Piga uzi wa 4, wa 5 na wa 6 bila kukanyaga kitu, utapata E, B na G#, yaani E meja. Kanyaga pedali A na B huku nyuzi zikiendelea kulia: B inapanda hadi C#, G# inapanda hadi A, E haitikisiki. Umehamia A meja bila kusogeza mkono, na sikio limesikia sauti mbili zikitambaa kuizunguka moja iliyosimama. Kilio chote kimo katika msuguano huo. Pedali zilikuwapo tangu zamani, lakini wapigaji wengi walizitumia kubadili tyuning kimyakimya kati ya kodi moja na nyingine (kodi ya muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, si ya nyumba). Mwaka 1954 mpigaji Bud Isaacs alisikika katika wimbo uliotamba wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce akikanyaga pedali nyuzi zikiwa bado zinalia, na wapigaji wenzake wakakimbilia mafundi wakawekewe pedali kama yake. Baadaye mpigaji mwingine, Buddy Emmons, aliigawa kazi ya pedali ile katika pedali mbili, ndizo A na B za leo.

Na asidhani mtu kwamba sauti hii ni mali ya Nashville, kitovu cha kantri Marekani, peke yake. Demola Adepoju aliipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, ndani ya muziki wa juju, na ikakaa pale kama iliyozaliwa palepale.

Tyuning ya E9 inasomwa kutoka uzi wa 1, ulio mbali zaidi na tumbo lako: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Utaona nyuzi mbili za kwanza hazifuati mpangilio, maana uzi wa 3 ndio wenye sauti ya juu kuliko zote. Si kosa la kiwandani. F# na D# ziliongezwa ili mpigaji apate noti za ngazi bila kukimbiza mkono, na anayeanza atazikosea kwa wiki kadhaa kabla kidole gumba hakijazoea kuziruka. Unene unaotumika sana, kwa sehemu ya elfu ya inchi, ni 13, 15, 11, 14, 17, 20, 26, 30, 34 na 36. Usinunue seti ya gitaa la kawaida ukadhani utaiunga-unga.

Kazi za pedali zimeshakubalika karibu kila mahali. A inapandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#. B inapandisha wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. C inapandisha wa 4 hadi F# na wa 5 hadi C#. Kwa goti la kushoto, wenzo mmoja unapandisha E zote mbili hadi F, na mwingine unazishusha hadi D#. Goti la kulia ndilo lenye mabishano. Kwa kawaida wenzo mmoja unashusha uzi wa 2 na wa 9, na ule mwingine kila mtengenezaji ana mawazo yake. Muulize muuzaji jambo moja kabla ya kulipa: pedali zimepangwa A-B-C kutoka kushoto (mpangilio wa Emmons) au C-B-A (mpangilio wa mpigaji Jimmy Day)? Yote miwili ni mizuri, ila ukijifunza mmoja, mguu utaukataa mwingine.

Je, nyenzo 4 ni lazima? Yapo magitaa ya wanafunzi ya zamani yenye pedali 3 na wenzo mmoja tu, nayo huuzwa kwa bei ya kushawishi. Yaache. Bila wenzo wa E hadi F unapoteza moja ya nafasi tatu kuu za kila kodi. Chukua G: iko freti ya 3 (mstari wa 3 shingoni) bila kukanyaga kitu, iko freti ya 6 kwa pedali A pamoja na wenzo wa F, na iko freti ya 10 kwa pedali A na B. Kupanda ngazi hizo tatu ndiyo sarufi ya chombo hiki. Ukiondoa ya kati unabaki na lugha yenye kigugumizi.

Kulifunga ni kazi ya dakika kumi ukijua utaratibu. Liache gitaa ndani ya sanduku lake, limelala kifudifudi. Kaza miguu minne, funga ubao wa pedali kwenye miguu ya mbele, kisha ning'iniza fito za pedali, kila moja kwenye kulabu yake. Fito hizo zinaweza kupishana urefu kidogo, kwa hiyo ziandike namba kwa rangi ya kucha siku ya kwanza. Baada ya hapo ndipo uligeuze na kulisimamisha. Anayelisimamisha kwanza ndipo atafute fito atapiga magoti sakafuni kila siku.

Kiti ni sehemu ya gitaa, ingawa hakuna anayekitaja dukani. Kikiwa kirefu mno mapaja yanabana nyenzo, kikiwa kifupi kisigino kinaning'inia. Magoti yawe karibu na nyenzo bila kuzigusa, na mguu wa kushoto ulale juu ya pedali A na B kwa pamoja, kisigino kikiwa sakafuni, ili uweze kuulaza upande huu au ule kukanyaga moja bila nyingine. Vaa viatu vya soli nyembamba. Buti la kantri linapendeza jukwaani lakini linaficha pedali.

Mkononi unashika mche wa chuma wenye kipenyo cha milimita 22 na urefu wa milimita 83 hivi, uzito wake gramu 200 na ushee. Uzito huo ndio unaofanya sauti idumu, kwa hiyo usiubonyeze. Mistari ya freti ni michoro tu, na mche hukaa juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama kidole kwenye gitaa la kawaida. Ukiutazama kwa pembeni utapiga nje ya sauti na kuapa kwamba gitaa ni bovu, hivyo inamisha kichwa uutazame kutoka juu. Vidole viwili vinavyofuata nyuma ya mche vilazwe kwenye nyuzi ili kuzima mikwaruzo. Mkono wa kulia huvaa kucha mbili za chuma na moja ya plastiki ya kidole gumba, na kazi yake ngumu si kupiga bali kunyamazisha uzi uliopigwa kabla wa pili haujalia.

Hapo juu tumedai mitambo ya kisasa. Maana yake ni mfumo ambao kupandisha na kushusha sauti vyote hufanywa kwa kuvuta fito zilizo chini ya mwili wa gitaa, si zile za pedali. Upande wa kulia wa gitaa utaona nati ndogo za nailoni, na kila nati ni badiliko moja la uzi mmoja. Utaratibu haubadiliki: tyuni uzi ukiwa huru kwa vigingi vya kichwani, kisha kanyaga pedali na utyuni noti ya juu kwa nati, ukitumia ufunguo mdogo wa pembe sita. Usianze na nati.

Makosa mengi huzaliwa hapo. Nati ikikazwa kupita kiasi, uzi haurudi nyumbani ukiachia pedali, unabaki juu kidogo. Watu huukimbilia kigingi, wakaushusha, na sasa pedali nayo imeharibika. Dawa ni kulegeza nati mpaka fito iwe na nafasi ndogo ya kucheza, ndipo utyuni upya kuanzia mwanzo. Pedali ikiishia kabla ya kufika noti yake, angalia springi ya kurudisha ya uzi huo: ikiwa dhaifu, sehemu ya kushusha inaachia wakati ile ya kupandisha inavuta, na nguvu zinapotea katikati.

Kosa jingine halimo kwenye gitaa, limo kwenye tyuna. Mashine hugawa nusu toni katika senti 100 zilizo sawa, lakini sikio linataka G# iliyo chini ya hapo, takriban senti 14 ukitaka itulie kabisa juu ya E. Kwa kuwa chombo hiki kinashikilia kodi muda mrefu bila kificho, G# iliyotyuniwa hadi katikati ya tyuna inawasha kama mchanga jichoni. Ishushe polepole huku ukipiga uzi wa 8 na wa 6 pamoja, mpaka mtetemo ulio kati yao utulie. C# ya pedali A nayo inahitaji huruma hiyohiyo. Ukipiga na piano usifike mbali sana, la sivyo mtagombana.

Kabla ya kununua, hasa lililotumika, fanya jaribio hili. Piga uzi wa 8 ukiwa huru, tazama tyuna, kisha kanyaga A na B kwa pamoja. Uzi huo hauhusiki na pedali hizo, lakini utashuka kidogo kwa sababu mwili wa gitaa unapinda kwa mvutano. Senti 3 hadi 5 ni hali ya dunia. Zikizidi 8, acha. Kisha shika kila wenzo uutikise pembeni, na ukisikia kugongagonga, maungio yamelika. Magitaa ya kuanzia hushindwa zaidi kwenye wenzo wa uzi wa 2, ambao hupaswa kuwa na kituo cha kati: D# hadi D, halafu nguvu zaidi hadi C#. Kwenye vyombo vya bei ya chini kituo hicho hakihisiki, goti linapita moja kwa moja. Ni kasoro ya kweli, ingawa hutaihitaji D hiyo mwaka wa kwanza.

Uzi wa 3 utakatika. Ni mwembamba kuliko yote, umevutwa juu kuliko yote, na pedali B inaukunja palepale kila unapoikanyaga. Hukatikia upande wa mitambo, kwenye mgongo wa kidole cha chuma kinachouvuta uzi, pale unapopinda. Nunua ya akiba mitano unaponunua seti. Ukikatika mara kwa mara, pitisha ukucha juu ya kidole hicho: pakiwa na mfereji, pasuguliwe kwa msasa laini sana. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio mara chache kwa mwaka linatosha, maana mafuta mengi hukusanya vumbi na kugeuka gundi.

Sasa pedali ya sauti, ile ya mguu wa kulia. Piga ikiwa karibu nusu, na noti inapoanza kufifia isukume mbele taratibu ili idumu. Anayeipampu kwa kila noti anasikika kama redio inayotafuta stesheni. Zile zenye potenshomita (kizungusho cha umeme kinachobadili sauti) huanza kukwaruza vumbi likiingia, na kamba yao ya ndani hulegea au kukatika. Kamba ya akiba haigharimu kitu.

Amplifaya iwe safi na yenye nguvu ya ziada, spika ya inchi 12 au 15. Ndogo ya gitaa la kawaida inafaa chumbani, ila ukiongeza sauti inapasuka, na kilio kinageuka makelele. Mwangwi kidogo, basi.

Asiyetaka kukaa na ufunguo wa pembe sita mfukoni achukue gitaa la kulaza mapajani, nyuzi 6 au 8, bila pedali. Litampa mtelezo, halitampa zile sauti mbili zinazotambaa kuizunguka moja iliyosimama. Kwa anayezitaka hizo, gitaa hili la 3 na 4 linapata alama 8 kwa 10: moja imekatwa kwa kituo cha uzi wa 2, nyingine kwa sababu watengenezaji wengi bado wanaliuza bila kiti na bila pedali ya sauti.