Chapati nyota tano, fegi sifuri
Jamani hapa Tabora kuna kaduka karibu na uwanja wa mpira, chapati zake laini balaa, maharage yamekolea, soda baridi kweli siyo ile ya uvuguvugu, shida ni pakti ya fegi iko wazi pale kaunta na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba, madogo wa sekondari wanawasha hapohapo na sare zao. Sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia mtu chini ya miaka 18, nikamwambia muuzaji akacheka, eti "kaka si mkoa wa tumbaku huu?" Sawa, Urambo na Kaliua wanalima, ila halmashauri ikikataza fegi karibu na viwanja mimi nashangilia. Chapati ntarudi, mdogo wangu simtumi tena.