Mguu bandia wa polipropilini, chini ya goti: unafaa, ila jifunze soksi

Ukiona mguu bandia umeegemezwa nyuma ya mlango na mwenyewe anatembelea magongo, usikimbilie kusema amekata tamaa. Mara nyingi soketi, yaani kikombe kinachoshika kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki), inamuuma tu. Watu humpa nasaha za kujikubali wakati anachohitaji ni soksi moja ya ziada juu ya kigutu. Na magongo yanamnyima mengi: mikono yote miwili imeshikwa, hawezi kubeba ndoo, mtoto wala kikombe cha chai. Mguu ukikaa vizuri mikono inarudi, na hapo ndipo wengi huanza kujiona wenyewe tena.

Mguu huu wa polipropilini ni wa mfumo wa ICRC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Karatasi ya polipropilini, aina ya plastiki, hupashwa moto, ikavutwa juu ya umbo la plasta la kigutu chako, na hiyo ndiyo soketi. Ndani hukaa bitana ya sponji ngumu, chini bomba na unyayo unaofungwa kwa bolti. Plastiki hii haiogopi jasho wala maji, na ikibana mahali fulani fundi huipasha moto akaisukuma nje kidogo. Mafundi wapo: TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi, inawafundisha tangu 1981.

Usiharakie kupimwa. Kidonda kikishafunga, kigutu kifungwe bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee kuelekea juu, na irudiwe mara kadhaa kwa siku. Ikikaza juu, nyama huvimba chini kama balbu, na hakuna soketi itakayokaa hapo. Mto ambao ndugu huuweka chini ya goti kwa huruma uondolewe kabisa. Goti likizoea kukunjika, kulinyoosha tena ni kazi kubwa.

Sasa soksi. Kigutu husinyaa, hasa mwaka wa kwanza, na hata siku hiyo hiyo cha asubuhi si cha jioni. Kikisinyaa kinazama: ncha inagonga chini, ukingo wa pia ya goti unachubuka. Ongeza soksi nyembamba moja, tembea, kagua. Ukiwa na shaka, chukua donge la unga wa chapati la ukubwa wa harage, lifunge kwenye kipande cha nailoni, liweke ndani chini kabisa ya soketi, vaa, simama, kisha vua. Likiwa bapa, umezama. Likitoka duara vilevile, kigutu hakifiki chini, na kikiendelea kuning'inia hivyo ncha itavimba na ngozi kuwa ngumu na nyeusi. Linalotakiwa ni lililobonyea kidogo. Ukifikia soksi nene tatu usiongeze tena. Soketi hiyo imekwisha kuwa kubwa.

Mara ya kwanza vaa dakika 15 hadi 30, vua, tazama ngozi kwa kioo. Alama chini kidogo ya pia ya goti ni ya kawaida, pale pamekusudiwa kubeba uzito. Alama kwenye mfupa wa ugoko au kwenye ncha ikipita dakika 20 bila kufifia, acha kuvaa mpaka fundi aone. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja usikie joto. Kigutu kioshwe usiku, kwani ngozi yenye unyevu wa asubuhi hunata na kuchubuka.

Kasoro kubwa ni unyayo. Kifundo hakikunji, kwa hiyo choo cha kuchuchumaa ni mtihani. Hapo Jaipur Foot, unyayo bandia wa India ulioanza 1968, unaushinda wazi: ulibuniwa kwa watu wanaochuchumaa na kwenda pekupeku. Unyayo wa ICRC umepangwa kwa kimo kimoja cha kisigino cha kiatu. Ukivaa ndala goti linasukumwa nyuma, kiatu cha kisigino kirefu kinalisukuma mbele. Ukienda kununua viatu vya mitumba, nenda na rula upime kisigino.

Mguu uliokatwa unaweza kuendelea kuwasha na kuuma. Hiyo ni kazi ya neva, si wazimu, na daktari ana dawa. Usiku mtu husahau kuwa mguu haupo, akasimama, akaanguka: weka kiti kando ya kitanda, upande uleule kila siku.

Kabla ya kulipa, uliza bei inajumuisha soksi ngapi na marekebisho mangapi. Ukiambiwa ukishauchukua mmemalizana, nenda karakana nyingine.