Albamu ya The Blue Planet: Muziki wa Bahari Bila Picha Zake

Wengi waliotazama mfululizo wa televisheni wa The Blue Planet, unaohusu viumbe wa baharini na uliorushwa na BBC mwaka 2001 kwa vipindi vinane, wanamkumbuka nyangumi wa buluu na sauti ya msimulizi wake, David Attenborough. Tathmini hii inahusu muziki wake, uliotungwa na George Fenton, ambao nimekuwa nikiusikiliza kama albamu nyumbani kwangu Tudor, Mombasa, televisheni ikiwa imezimwa.

Chini ya maji kamera hairekodi sauti nyingi zenye maana, kwa hiyo mtunzi hubeba sehemu kubwa ya hisia za kipindi. Hata hivyo, msimulizi anapoanza kusema, muziki hupunguzwa na fidla nzito za chini humezwa kabisa. Katika albamu hakuna anayezikatiza. Niligundua kwamba pale nilipodhani okestra inashikilia sauti moja tu ili kujaza kimya, kumbe chelo, yaani hizo fidla nzito, zilikuwa na wimbo wao, unaokwenda taratibu na kupokewa na filimbi kabla ya kwaya ya Chuo cha Magdalen, Oxford, kuingia. Sisi tuliolelewa na taarabu, ambamo fidla hujibizana na mwimbaji na kupewa nafasi yake kati ya beti, hatupati taabu kuufuata mpangilio huo, na nadhani ndiyo maana albamu hii ilinikaa haraka kuliko nilivyotarajia.

Sehemu za viumbe wadogo ndizo zilizonipendeza zaidi. Konokono wa ufukweni, wanaotandaza mguu wao ili wabebwe na wimbi hadi penye chakula, wamepewa muziki mwepesi wenye utani, usiowadhihaki. Sehemu za uwindaji hazikuniridhisha vivyo hivyo: tarumbeta na ngoma hutuamulia mapema nani mkatili na nani wa kuhurumiwa, na bila picha kinachobaki ni kishindo kitupu. Papa anatafuta riziki tu, jamani.

Fenton aliendelea na kazi hiyo katika Planet Earth, mfululizo mwingine wa BBC wa mwaka 2006, akiwa tena na okestra ileile, BBC Concert Orchestra. Blue Planet II ya mwaka 2017 ilikabidhiwa Hans Zimmer, Jacob Shea na David Fleming, ambao hutegemea zaidi matabaka ya sauti yanayopanda na kushuka kuliko wimbo unaoweza kuimbwa. Muziki wao unaitumikia picha vizuri sana, lakini ninapotaka kusikiliza tu, narudi kwa Fenton, kwa sababu muziki wake una mwanzo, una mahali unapoelekea, na unafika.

Kwa anayetaka kuujaribu, namshauri asiusikilize ndani ya matatu ya kwenda Likoni, kwa kuwa tofauti kati ya sehemu za chini na za juu ni kubwa mno: ukiongeza sauti ili usikie kinubi, okestra nzima itakupasua masikio muda mfupi baadaye. Spika za kawaida katika chumba tulivu zinatosha. Azime pia mpangilio wa kuchanganya nyimbo, kwa kuwa vipande kadhaa ni vifupi na hupoteza uzito vikitengwa na jirani zake, na aanze na utangulizi wenye kwaya.