Syncthing: mafaili bila mtu wa kati

Syncthing ni programu huria, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, inayosawazisha mafaili kati ya vifaa vyako bila kuyahifadhi kwenye seva ya kampuni yoyote. Nimeitumia kati ya kompyuta mbili za nyumbani, na kilichonivutia zaidi ni kwamba zinapokuwa kwenye Wi-Fi moja, mafaili hupita moja kwa moja bila kula bando. Hata hivyo, kifaa kimoja kikizimwa, kingine hakina budi kusubiri. Tena ukifuta faili upande mmoja, hufutika kote, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni nakala ya akiba. Toleo rasmi la Android lilisitishwa mwishoni mwa mwaka 2024, jambo lililonisikitisha, ingawa, kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wengine wanaendeleza toleo lao.