Mpinzani aliyeniulia simu: uzoefu wangu na Magic: The Gathering Arena

Nilitaka kuupa mchezo huu wa kadi wa kwenye simu nyota moja na kuufuta kabisa. Hasira zimepungua kidogo, ila hazijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa usiku, umeme umekatika mtaa mzima, bando lipo, chaji imebaki asilimia nane. Nilikuwa nadai mechi moja tu nitoke daraja la Fedha niingie Dhahabu, na hiyo Dhahabu nilikuwa nimeihangaikia wiki kadhaa. Nachezea kadi nyekundu, vile vizimwi wakorofi wanaoitwa goblin, wanaoteremka mapema na kushambulia bila kungoja mtu. Mechi zangu haziendi mbali. Nikapiga hesabu, nikaona chaji inatosha.

Na ingetosha! Yule bwana alikuwa na kadi za bluu, rangi ya watu wanaosubiri uteremshe kadi yako nzuri ndipo waizime. Nilimwahi. Kila mmoja huanza na uhai 20. Yeye alikuwa amebaki na 3. Kwangu mezani vizimwi wanne, kwake kadi za ardhi tupu, zile za kulipia kuteremsha kadi nyingine. Shambulio moja tu, kwisha habari.

Hapo ndipo alipoacha kucheza.

Kwa asiyeujua mchezo: ukichelewa kuamua, inatokea kamba katikati ya skrini, inaungua kama utambi. Na uliyekuwa unacheza haraka mwanzoni unakuwa umejiwekea akiba ya muda, kamba ikiisha unaongezewa. Utaratibu mzuri kwa mtu anayefikiri. Huyu hakuwa anafikiri chochote. Zamu yake ilipofika aliiacha kamba iungue mpaka ikabaki ncha, ndipo akabonyeza. Zamu ikaja kwangu, nikashambulia, mchezo ukamuuliza kama ana la kujibu. Kamba ikaanza upya. Asilimia tano. Nne. Nimepunguza mwanga mpaka nyekundu na nyeusi zinafanana, naitazama ile cheche inavyotembea taratibu, jasho linanitoka. Tatu.

Mle ndani huwezi kumwandikia mpinzani neno lako mwenyewe. Kuna maneno machache tu yaliyotungwa tayari, ya kusalimia, kusifu, kuhimiza. Basi yeye, badala ya kujibu shambulio, akanitumia lile la kunipongeza kwa mchezo mzuri. Akalirudia. Akalirudia tena. Simu ikazima.

Umeme ulirudi karibu na alfajiri. Nikawasha, nikakuta nimeshindwa na nimeshushwa hatua.

Kufungwa si tatizo. Nimeshalamba garasa mara nyingi mno: mkono mzima ardhi, au mkono mzima vizimwi bila ardhi ya kuwateremshia, nikapigwa na nikakubali. Karata ndivyo zilivyo. Lakini kwenye karata za barazani kwetu, mtu akizikumbatia kadi mkononi kwa makusudi, wanaotazama wenyewe watamkemea: "Teremsha, bwana, au umpishe mwenzio!" Kuna macho, kuna aibu. Huku hakuna anayetazama. Mtu anakudhulumu amejifungia kwake, humjui sura, kesho anapangiwa mwingine amfanyie vilevile.

Kwa siku kama tatu sikuigusa programu ile.

Halafu nikarudi, na hapo lazima niseme kweli. Mchezo huu, uliobuniwa na Richard Garfield, ulitoka mwaka 1993 ukiwa wa kadi za karatasi, na hizo kadi mimi nimezishika mara moja tu, za binamu yangu aliyetoka Uingereza. Zilikuwa chache, hazikutosha hata nusu ya zile 60 za kuanzia mechi. Mtaani kwetu sijaona duka linaloziuza. Tangu mchezo ulipoingia kwenye simu mwaka 2021, mtu kama mimi anaweza kukaa kitandani na kupambana na wachezaji wa dunia nzima bila kununua hata kadi moja. Hilo si jambo dogo kwangu. Ule mlio wa pakiti ikifunguka bado unanisisimua.

Ila kadi hizo hazibadilishwi. Nina rafiki anayecheza kijani, ana kadi nyekundu zimemkalia bure, nami nina za kijani zisizonisaidia, na hatuwezi kupeana hata moja. Wakati mchezo wenyewe ulizaliwa kwenye kubadilishana! Unaweza kujitengenezea kadi unayoitaka kwa zile kadi maalumu za kugeuza, sawa, lakini starehe ya kumshawishi mwenzio akuachie kadi yake haipo.

Basi nyota nne. Nikimkumbuka yule bwana na pongezi zake, tatu. Siku hizi simu ikishuka chini ya asilimia hamsini sianzi mechi, na mpinzani namzima sauti kabla hata sijateremsha ardhi ya kwanza. Dhahabu nimeshaingia. Kwa vizimwi walewale.